Kabla ya Sindano Nyingine, Mkojo Uoteshwe

Mikojo mingi inayoletwa kwenye meza yangu ya kazi haioti bakteria wowote. Ninaipanda asubuhi kwenye sahani zenye chakula cha bakteria, sahani zinalala kwenye inkubeta, kabati letu la joto, kwa nyuzijoto 37, na kesho yake nikizitoa nazikuta vilevile nilivyoziweka, hazina doa. Wakati huo mwenye mkojo ameshakwenda nyumbani na mara nyingi ameshaanza dawa. Karatasi iliyokuja na kopo lake iliandikwa herufi tatu tu, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mjini kwetu herufi hizo zinatosha kumpatia mtu antibiotiki, awe amesimama kwenye dirisha la duka la dawa au ameketi mbele ya daktari.

Ninafanya kazi maabara, hapa Moshi, kwenye chumba cha bakteria. Nimehudhuria semina na nimesoma mabango kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule wanaoufupisha UVIDA, na karibu kila mara anayenyooshewa kidole ni mgonjwa. Hamalizi dozi. Ananunua vidonge vinne badala ya ishirini. Anagawana dawa na jirani. Mgonjwa huyo yupo, simkatai. Lakini yupo mwingine ambaye mabango hayamtaji kabisa, nami namwona kila siku: anameza dawa zote kwa saa zilizoandikwa, kwa uaminifu, kutibu UTI ambayo hana.

Sisemi hivi kwa kuangalia meza yangu peke yake. Utafiti mkubwa uitwao HATUA ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wetu mikoa ilikuwa mitatu: Mwanza, Mbeya na huu wetu wa Kilimanjaro. Watafiti walipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,000 waliofika kwenye vituo vya afya wakiwa na dalili za UTI. Mikojo ilipooteshwa, waliokutwa na maambukizi walikuwa takriban theluthi moja. Maana yake, kati ya kila wagonjwa watatu walioketi kwenye benchi wakilalamika, wawili maabara haikuwakuta na ugonjwa walioshukiwa kuwa nao. Na kwa wale waliokuwa nao kweli, takriban nusu ya bakteria walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa mpigo.

Watu wakisikia matokeo hayo hushtushwa na takwimu ile ya mwisho, ya usugu. Mimi nashtushwa na ile ya kwanza, ya wawili kati ya watatu, kwa sababu naamini ndiyo inayoizaa ya pili.

Mwenzangu wa maabara atanikatiza hapa, na ana haki. Mkojo usioota hauthibitishi moja kwa moja kwamba mtu ni mzima. Wengine wamekuja wakiwa wameshameza vidonge viwili vitatu vya kutuliza hali, na dawa iliyomo kwenye mkojo inazuia bakteria kuota hata kama wapo. Wengine wana bakteria wachache kuliko kiwango tunachokitumia. Kiwango chenyewe, bakteria 100,000 kwa kila mililita moja, kinatokana na kazi ya daktari Mmarekani Edward Kass katika miaka ya 1950, na leo inajulikana kwamba mwanamke mwenye dalili za wazi anaweza kuumwa kweli kwa idadi ndogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo theluthi ile isomwe kwa uangalifu. Lakini hata ukiipunguza makali, bado linabaki kundi kubwa la watu wanaotibiwa kwa kukisia.

Tazama ugonjwa huu unavyopatikana mitaani kwetu. Mtu amechoka, kiuno kinamuuma, kichwa kizito, tumbo la chini halitulii. Anaingia zahanati, anatoa damu na mkojo, na baada ya nusu saa anarudishiwa cheti chenye mapacha wawili ambao Watanzania tumewazoea: UTI na taifodi. Taifodi imesomwa kwa kipimo cha Widal, ambacho kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyepata maambukizi mengine kabisa. UTI imesomwa kwa seli za usaha zilizoonekana kwenye darubini. Seli hizo zinaweza kutoka kibofuni, ndiyo, lakini pia zinaweza kutoka ukeni kwa sababu mkojo haukukingwa vizuri, au zimeletwa na kisonono, klamidia au kichocho. Kijana wa kiume anayetoa usaha na kuchomwa wakati wa kukojoa huenda ana ugonjwa wa zinaa unaohitaji dawa nyingine kabisa, naye mwenzi wake anahitaji kutibiwa pia. Aliyekulia kando ya mifereji ya umwagiliaji na anakojoa damu anahitaji kutazamwa mayai ya kichocho. Wote hawa wakipewa sipro, yaani antibiotiki ya siprofloksasini, wawili watatu watapata nafuu kwa bahati, na sifa itaiendea sipro.

Uchovu peke yake si dalili ya UTI. Maumivu ya mgongo peke yake kwa mama anayebeba mikungu ya ndizi si dalili ya UTI. Dalili zenyewe zinajulikana: kuchomwa wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara na kutoka matone, kubanwa ghafla, maumivu juu ya kinena. Zikiwepo mbili tatu kwa pamoja kwa mwanamke ambaye hana uchafu usio wa kawaida wala muwasho ukeni, uwezekano ni mkubwa kwamba ni UTI kweli, na hapo daktari akianza dawa bila kusubiri maabara simlaumu hata kidogo.

Kwa nini basi dawa isiyohitajika iwe na madhara makubwa hivyo? Wengi hudhani kosa lake ni kupoteza hela tu. Jibu liko kwenye utumbo.

Bakteria anayesababisha UTI nyingi kuliko wote ni Escherichia coli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wetu wenyewe. Huko hatudhuru. Taabu inaanza akitoka kwenye njia ya haja kubwa, akasogea hadi kwenye njia ya mkojo na kupanda kibofuni. Kwa mwanamke safari hiyo ni fupi mno, mrija wenyewe una sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanamume unakaribia 20, na ndiyo maana karibu nusu ya wanawake hupata UTI angalau mara moja maishani. Kwa hiyo bakteria watakaokuumiza kibofu mwakani, leo wapo tumboni mwako. Ukimeza antibiotiki ya kutibu kikohozi, au taifodi ya Widal, au UTI ya kukisia, dawa haiendi kibofuni peke yake. Inapita tumboni kama dawa ya magugu inavyopita shambani: walio dhaifu wanakufa, na wachache waliokuwa na uwezo wa kuivumilia wanabaki na shamba zima la kuzaliana. Bakteria wana tabia nyingine ya kutia hofu, ya kupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao, hata baina ya jamii tofauti. Tafiti zilizofuatilia watu baada ya kutumia antibiotiki zimeona athari hiyo ikiwa kubwa zaidi miezi ya mwanzo, na inaweza kuonekana hadi miezi 12.

Kwa hiyo anayetibiwa UTI asiyokuwa nayo anaandaliwa UTI ngumu atakayokuja kuwa nayo. Nimeliona hilo kwenye mwili wa mtu ninayempenda.

Shangazi yangu anaishi Kibosho na anauza ndizi soko la Mbuyuni. Amevuka miaka sitini. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika mkojo unamchoma, na kila alipokwenda kupima alipewa dawa: kwanza sipro, halafu azithromaisini, halafu sindano za seftriaksoni. Anapata nafuu kidogo, hali inarudi. Siku aliyonipigia simu alikuwa ameshaambiwa aanze sindano nyingine.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii UTI yangu imeshakuwa sugu. Wewe si unapima mikojo huko? Hebu niambie, nikubali sindano au niende kwa yule anayeuza dawa za mizizi pale stendi?"

Nikamuuliza kama mkojo wake umewahi kuoteshwa.

"Kuoteshwa? Wameupima mara nyingi, mbona. Cheti ninacho."

Alikuwa na vyeti vingi, vyote vya darubini. Nikamwomba aje tumwone daktari kabla hajachomwa chochote. Daktari alimuuliza kwanza kama ana homa, kama anatetemeka, kama mbavuni kwa nyuma panauma. Hakuwa na lolote kati ya hayo, hivyo kusubiri siku mbili hakukuwa na hatari. Mkojo ukaoteshwa. Sahani ikatoka tupu.

Shangazi hakuelewa. "Sasa mbona unanichoma?" Daktari, ambaye ni mama wa makamo, akaniomba nitoke nje, na nikashukuru, maana kuna mambo shangazi hawezi kuyasema mbele ya mtoto wa kaka yake. Baadaye shangazi alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, huku akitazama pembeni. Baada ya hedhi kukoma homoni ya estrojeni hupungua, ngozi laini ya ukeni na ya kuzunguka njia ya mkojo inakuwa kavu na nyembamba, na mkojo ukipita unachoma. Ni hali ya kawaida kabisa kwa wanawake wa umri wake, wala haina bakteria wa kuua. Aliandikiwa krimu ya homoni ya kupaka. Tulizunguka maduka ya dawa mpaka tukaipata. Baada ya wiki kadhaa kuchomwa kule kukapungua sana, na kuna faida ya ziada: kwa wanawake waliokoma hedhi, krimu hiyo hupunguza UTI za kujirudia. Najiuliza ni wamama wangapi wa Mbuyuni na Kiborloni wanaozunguka na vyeti vya usaha kwenye mikoba yao, wakimeza antibiotiki kwa ukavu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza habari zake, kwa sababu muulizaji ni kijana na anayeulizwa ni bibi.

Halafu, miezi ilipopita, shangazi akapata UTI ya kweli. Safari hii alikuja mwenyewe, na kopo aliomba bila kuambiwa.

Nataka nieleze kilichoonekana, kwa sababu wengi wanaotoa mkojo hawajui tunaufanyia nini. Tunachovya kijiti chenye kitanzi kidogo mwishoni, kinachobeba maikrolita moja tu, na kuupaka mkojo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria. Kila bakteria mmoja akizaana usiku kucha hufanya kidoto kimoja kinachoonekana kwa macho. Vidoto 100 kwenye sahani maana yake ni bakteria 100,000 kwa mililita. Sahani ya shangazi haikuhesabika, ilikuwa imefunikwa yote. Kwenye chakula kiitwacho MacConkey vidoto vilikuwa vya waridi, alama ya bakteria wanaochachusha sukari ya maziwa, na vipimo vilivyofuata vikathibitisha ni E. coli.

Hapo kazi iko nusu. Bakteria hao tunawapaka upya kwenye sahani nyingine, tunapanga juu yake vikaratasi vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake, na kurudisha sahani kwenye inkubeta. Asubuhi, kuzunguka karatasi yenye dawa inayofanya kazi kunakuwa na duara tupu ambamo bakteria wameshindwa kuota, nasi tunalipima kwa rula, kwa milimita. Dawa isiyofanya kazi, bakteria wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Kwa shangazi, sipro: wameota hadi ukingoni. Kotrimoksazoli, ile Septrin tuliyokulia nayo: hadi ukingoni. Seftriaksoni, sindano ile ile aliyokuwa anataka kuongezewa: duara dogo lisilofaa kitu, isipokuwa upande mmoja uliotazamana na karatasi ya amoksilini yenye asidi ya klavulaniki, ambako lilikuwa limevutwa. Kuvutwa kule ni saini. Bakteria wana kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini, na klavulaniki inakizuia, hivyo pale zinapokutana dawa inapata nafasi ya kufanya kazi kidogo. Kimeng'enya hicho sisi tunakiandika ESBL kwenye cheti, na daktari akiziona herufi hizo anajua sindano ile aisahau.

Nitrofurantoini: duara pana, safi.

Dawa hii inastahili kutajwa kwa heshima. Ilianza kutumika mwaka 1953. Sipro iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, miaka zaidi ya thelathini baadaye, na imechoka kabla ya mkubwa wake. Zipo sababu. Nitrofurantoini ikimezwa hukusanyika kwenye mkojo na kwenye damu haifiki kiwango cha maana, hivyo haisumbui sana bakteria wengine mwilini. Pia inamshambulia bakteria sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo badiliko moja la kinasaba halimtoshi kujiokoa. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu 2017 limegawa antibiotiki katika makundi matatu, la kutumika kwanza, la kuangaliwa na la akiba, limeiweka kwenye kundi la kwanza. Sipro na seftriaksoni ziko kwenye kundi la kuangaliwa. Kwa UTI ya kibofu kwa mwanamke, mwongozo wa shirika hilo ni nitrofurantoini kwa siku 5, miligramu 100 mara mbili kwa siku za ile inayoyeyuka polepole, au miligramu 50 mara nne za ile ya kawaida.

Haimfai kila mtu. Kwa sababu haifiki kwenye damu na nyama za figo, mwenye homa na maumivu ya ubavu wa nyuma asipewe, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Figo zilizodhoofika haziipitishi vizuri. Mjamzito aliyekaribia kujifungua hapewi, wala mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Na jamii ya bakteria waitwao Proteus huzaliwa na usugu nayo. Imezwe pamoja na chakula, na mkojo ukigeuka rangi ya kahawia mtu asiogope.

Shangazi aliimeza siku tano. Akapona. Nimewaza sana juu ya njia aliyopitia kufika kwa bakteria yule wa ESBL. Siwezi kuthibitisha kwamba sindano zile za mwanzo ndizo zilizomchagua kule tumboni, maana huenda alimpata kwenye maji au chakula, kama wanavyopatwa wengi. Lakini dawa tatu alizotumia kwa ukavu huenda zilikuwa zimemsafishia bakteria huyo njia, na mbili kati ya hizo, sipro na seftriaksoni, ndizo zilizoanguka kwenye sahani.

Kuhusu kumaliza dozi. Mafundisho yetu yanasema usugu unatokana na kuacha dawa njiani, na watu wengine wameelewa kwamba kadiri dozi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyokinga usugu. Si hivyo. Meza yote uliyoandikiwa na mtaalamu, sawa, wala usiweke akiba ya vidonge ndani ya kabati kwa ajili ya shemeji. Lakini iliyoandikwa iwe fupi kadiri inavyotosha: nitrofurantoini siku 5, trimethoprimu siku 3, fosfomaisini gramu 3 mara moja tu. Siku kumi za sipro "ili iishe kabisa" zinawapa bakteria wa tumboni siku nyingi za mazoezi. Na sipro ina hatari zake kwenye kano na mishipa ya fahamu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema mwaka 2016 kwamba kwa UTI ya kawaida dawa za jamii hiyo ziachiwe wale wasio na njia nyingine.

Kuna mzizi mwingine ambao maabara haiufikii. Shangazi hanywi maji. Anashuka na daladala ya alfajiri, anakaa sokoni hadi jioni, na choo ni cha kulipia, tena akienda lazima amwachie mtu biashara. Kwa hiyo hanywi, ili asibanwe. Akibanwa anavumilia. Wanawake wanaofanya hivi sokoni ni wengi, pamoja na makondakta wa kike, walimu wa shule zenye matundu machache ya choo na wasichana wa bweni. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanawake waliozoea kunywa maji kidogo na kupata UTI za mara kwa mara. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku walipata UTI pungufu kwa karibu nusu, na dozi za antibiotiki zikapungua vilevile. Maji tu. Mji uliokaa chini ya Mlima Kilimanjaro, wenye chemchemi na mifereji ya mababu, unapaswa kuweza kumpa mama wa sokoni maji safi ya kunywa na choo safi cha bure au cha bei asiyoiwazia. Ninaliona hilo kuwa sehemu ya tiba ya UTI sawasawa na kidonge.

Nao kuku wetu wa kisasa nitawataja kwa kifupi tu: antibiotiki zinazochanganywa kwenye maji yao, mara nyingi bila kifaranga hata mmoja kuugua, zinatengeneza usugu ule ule, na unaweza kutufikia kwa mikono, nyama na mbolea.

Uzito wa jambo lenyewe umeshapimwa. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na ulihusishwa na vifo milioni 4.95, huku Afrika kusini mwa Sahara ikiwa na kiwango kikubwa kuliko eneo lolote. Aliyeongoza katika vifo hivyo ni E. coli. Dawa mpya zinakuja polepole, kwa mfano gepotidasini iliyoidhinishwa Marekani Machi 2025 kwa UTI ya kibofu, lakini mama wa Kibosho haisubiri hiyo. Anasubiri ile ya mwaka 1953 ipatikane dukani, na mtu wa kumwambia ndiyo inayomfaa.

Ninachokiomba kwa wenzangu wa zahanati na vituo si kuotesha kila mkojo. Maabara hazitamudu, na gharama yake ni mara kadhaa ya ile ya darubini. Mwanamke kijana mwenye dalili za wazi kwa mara ya kwanza atibiwe mara moja kwa dawa ya kundi la kwanza. Mkojo uoteshwe kwa mjamzito, kwa mwanamume, kwa mtoto, kwa mwenye homa au maumivu ya ubavu (huyu aanze dawa papo hapo huku majibu yakisubiriwa), na kwa yeyote ambaye hali imemrudia baada ya dawa ya kwanza. Huyo wa mwisho ndiye anayeambiwa leo kwamba ana UTI sugu na kupandishiwa sindano. Na mzee asiye na dalili yoyote, aliyekutwa na bakteria kwa bahati tu kwenye kipimo cha jumla, aachwe bila antibiotiki. Mjamzito peke yake, pamoja na anayeandaliwa upasuaji wa njia ya mkojo, ndiye hutibiwa hata kama hajisikii kitu, kwa sababu kwa mjamzito bakteria hao wanaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati.

Mgonjwa naye ana kazi. Nawa kwanza, tenganisha mashavu ya uke, mkojo wa mwanzo uache uende chooni, wa katikati ndio uingie kwenye kopo, wa mwisho uache pia. Usiguse ndani ya kopo wala kifuniko chake. Ulete maabara ndani ya saa mbili, na kama haiwezekani ukae kwenye friji. Mkojo uliozurura juani na bodaboda tangu asubuhi unaota mambo yake wenyewe, nasi tunalazimika kuandika "umechanganyika" na kukurudisha. Sema kama umeshameza dawa yoyote, hata kidonge kimoja, hata cha mizizi, tuiandike kwenye fomu. Hakuna atakayekugombeza.

Na majibu yakitoka usiyaache kwa daktari. Omba nakala. Shangazi anayo yake kwenye pochi ya kadi ya bima, imekunjwa mara nne, na mwaka huu alipougua tena, daktari mwingine kabisa aliisoma na kujua dawa tatu za kutoanza nazo, wakati mkojo mpya ukipelekwa maabara.